Mwaka Ambao Steringi Hakufa

Mwanangu Edgar alirudi kutoka sinema Jumapili moja mwaka huu akiwa amevimba macho. Nilipomuuliza kulikoni akasema wamemuua. Nilishtuka, nikadhani ni rafiki yake wa chuo. Kumbe ni yule shujaa wao anayepaa, ambaye katika sehemu ya kwanza walimshangilia mpaka sauti zikawakauka, na sehemu ya pili imeishia yumo ndani ya jeneza. Alinisimulia jinsi taa zilivyowashwa na ukumbi mzima ukabaki umekaa, watu wazima wamejiziba nyuso kwa kofia, na msichana wa kiti cha mbele yake akakataa kabisa kuinuka mpaka walinzi wakaja kumbembeleza. Sasa mashabiki wamejaa mtandaoni wakidai mwisho ubadilishwe. Alikuwa amekasirika kweli, chakula hakukigusa. Nikamwambia wenye filamu wanajua wanachofanya, aachane nao, ale. Moyoni nilitaka kumwambia kwamba mimi mama yake niliwahi kuubadilisha mwisho wa filamu ya namna hiyo, mbele ya watu waliojaa hadi mlangoni, na kwamba sijawahi kufurahi kuwa nilifanya hivyo. Sikumwambia. Katikati ya wiki ikaja simu kutoka Nshamba, Muleba, nikaarifiwa kwamba Ma Justa amefariki, na kwamba nisikose mazishini kwa sababu kuna kazi ameniachia.

Mwaka ninaousema nilikuwa Kashai, pale Bukoba mjini, nikirudia mtihani wa kidato cha nne ambao ulikuwa umenitupa vibaya. Nilipanga chumba kwa Ma Justa, katika nyumba yake ndefu ya vyumba vilivyopangana, yeye akiishi chumba cha mwisho na mimi kinachofuata. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza iliyokosa mguu mmoja, na harufu ya mafuta ya taa ambayo hata leo nikiisikia najikuta natafuta daftari la hesabu. Ma Justa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, mpishi wa ebitoke, ndizi zetu za kupika, ambazo ukizila mchana huhitaji kitu mpaka kesho yake. Wapangaji tulijua kwamba kodi ilikuwa ni sehemu tu ya makubaliano. Sehemu nyingine ilikuwa kuitikia anapokuita kula. Ukikataa alikuwa haongei nawe siku nzima. Nyuma ya ukuta wa chumba chake ndipo lilipojengwa banda la video, limeegemezwa kwenye nyumba yake ili kuokoa tofali, kwa hiyo ukuta wa banda upande ule ndio uliokuwa ukuta wa chumba chake cha kulala. Kila kilichosemwa bandani kilifika kwake kama vile kimesemewa jikoni.

Mwenye banda alikuwa kaka Twaha. Babu yake alitoka pwani, lakini Kihaya cha Twaha kilitushinda sisi wenye Kihaya chetu. Filamu zilikuwa za Kizungu na hakuna aliyezielewa, kwa hiyo alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti akizitafsiri hapo hapo, Kiswahili kimechanganywa na Kihaya, na pale alipokuwa haelewi alitunga. Sanaa yake kubwa ilikuwa majina na majigambo. Steringi hakuachiwa jina lake la Kizungu hata siku moja. Alipewa jina la kwetu, ukoo, na kijiji alikotoka. Na kila alipovaa vazi lake la vita, Twaha alimfanya ajigambe kama walivyojigamba mashujaa wa zamani mbele ya mfalme, ile tunayoita okwebuga, akitaja mikuki aliyokwepa na maadui aliowaacha wamelala, na ukumbi unaitikia kila mstari. Mimi niliingia bandani kwa sababu ya wanawake. Twaha alipoigiza sauti ya mwanamke, akina mama wauza ndizi walicheka hata penye kilio, biashara ikaharibika. Siku moja alinisikia uani nikimwigiza mwalimu wangu wa zamani, akaniomba nijaribu. Kuanzia hapo wake, mama na wachumba wote wa mashujaa wa dunia walizungumza kwa sauti yangu, na vitabu vyangu vya kemia vikaanza kuota vumbi.

Ile filamu ya mtu mwenye joho jeusi aliyeruka juu ya maghorofa, Twaha alimpa steringi wake jina la Mujuni, wa Nshamba. Ulikuwa utani. Mujuni wa kweli alikuwa mtoto wa Ma Justa, rafiki yake Twaha, fundi aliyegongelea mabenchi yote ya banda, na siku ile alikuwa amekaa benchi la nyuma. Watu waligeuka kumtazama wakacheka mpaka machozi, naye akasimama akainamisha kichwa kama askofu. Basi likawa jina la filamu. Mujuni akianguka kwenye picha, ukumbi mzima unamwita, Mujuni, Mujuni, unaita tu bila kuchoka, mpaka ainuke, kwa sababu steringi hafi, hiyo ilikuwa sheria pale bandani na kila aliyeingia aliijua. Miezi michache baadaye Mujuni wa kweli akachukua bale la mitumba akaenda kuuza kwenye visiwa vya Muleba. Mtumbwi ulikutwa umepinduka. Wenzake walipatikana wote, mmoja baada ya mwingine, wakazikwa na ndugu zao. Yeye hakupatikana.

Ungedhani Twaha angeizika na ile filamu. Alijaribu. Watu wakaitaka zaidi. Waendesha bodaboda walikuja wakiwa wamevaa fulana nyeusi, na walipoliita lile jina sasa hakuna aliyecheka, waliita kama watu wanaohitaji kujibiwa. Na kila filamu ile ilipowekwa, Ma Justa alikuwa chumbani kwake, kigoda amekisogeza ukutani, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Mimi nilimwona hivyo siku niliyoingia kuazima chumvi, nikaona aibu kama niliyemkuta akivaa. Nilimwambia tungeweza kumwomba Twaha abadilishe jina.

"Najua ni sinema, Adela," akasema. "Sijapungukiwa akili. Lakini watu wote hao wanapomwita mwanangu, unataka mimi ndiye niseme nyamazeni?"

Nilichukua chumvi yangu nikaondoka.

Ulipoanza msimu wa senene, wale panzi tunaowala, alikuja Ta Felician, shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, kutoka Nshamba. Niliwasikia usiku ukiwa haujaingia bado, chakula kikiwa motoni, na sioni haja ya kujisingizia kwamba sikusikiliza. Kuta za nyumba ile hazikukupa nafasi ya kutosikiliza. Katika ukoo wao, mtu aliyepotelea ziwani huzikiwa mgomba. Unakatwa mgomba katika kibanja chao wenyewe, shamba la migomba la nyumbani, unavishwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, unalazwa kaburini, unaliliwa kama mtu, na matanga yanakaliwa. Bila hivyo mama hana msiba. Majirani hawaji kulala kwake, hawamletei chakula, hakuna anayempa pole, kwa maana pole ya nini? Ta Felician alisema kwa upole kwamba mwaka unaisha na Mujuni hajazikwa. Nilisikia Ma Justa akikoroga chungu. Kisha akasema sehemu ya pili ya ile filamu imefika Kampala, Twaha ameiagiza, mji mzima unaingojea.

"Nisikie hiyo kwanza, waitu," akamwambia kwa heshima. "Akifa humo, na sisi tutamzika."

Ta Felician angeweza kumcheka. Alikuwa mkulima wa kahawa, Mkatoliki wa kila Jumapili, hakuwa mtu wa video. Lakini alisema sawa. Nadhani aliona kwamba amepata tarehe ya mazishi ambayo asingeipata kwa maneno mengine. Mimi nilikaa kitandani na chakula changu kimepoa, na nilichokielewa kwa ujinga wa miaka ile ni kwamba kuna watu wanataka kumlazimisha mama wa watu akate tamaa, na kwamba yeye amejificha kwenye filamu kama mtu anayejificha mvua. Nikaona nina wajibu wa kuhakikisha paa halivuji.

CD ilikuja kwa basi la Mutukula, imefungwa ndani ya kanga. Ilikuwa desturi yetu kuitazama filamu mapema, mchana, milango imefungwa na sauti imefifishwa, ili tupange nani atasema nini. Tulikaa sisi wawili kwenye benchi la Mujuni tukila senene za kukaanga kwenye gazeti. Mwisho wake, yule mtu wa joho jeusi anakumbatia mtambo unaotaka kulipuka, anaruka nao baharini, maji yanafunga juu yake. Joho linaelea. Halafu kaburi, watu wanalia, mama yake anapiga magoti. Twaha aliacha kutafuna. Nikamweleza niliyoyasikia kwa Ta Felician, yote, nikamwambia hawezi kufa, hatuwezi kumuua pale ukutani, tuseme ameogelea, tuseme chochote. Twaha alikunja lile gazeti polepole. Alisema yeye amemtafuta Mujuni ufukweni kwa miguu yake mpaka viatu vikaisha. Alisema jina lile limemchosha mdomo.

"Acha afe, Adela," akaniambia. "Ma naye apumzike."

Nilimwona katili. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu alikuchukulia kuwa ni kukubali.

Jumamosi ile alasiri sijawahi kuona tena watu wengi kiasi kile kwenye nafasi ndogo vile, hata kwenye ukumbi wenye kiyoyozi wa akina Edgar. Waliketi sakafuni, walikaa juu ya magoti ya wenzao, dirishani kulikuwa na vichwa kama mafenesi. Watu walitoka Ijuganyondo, wengine Izimbya huko na baiskeli zao. Kila mtu alikuwa na karatasi ya senene na kila mtu alikuwa na maoni: mmoja akidai safari hii Mujuni anaoa, mwingine akibisha kwamba steringi akioa filamu inaharibika. Mujuni alipotokea kwenye picha mara ya kwanza walisimama wote wakapiga makofi, na ilibidi Twaha asimamishe CD mpaka wakae. Akamfanya ajigambe vizuri kuliko siku zote. Alitaja Nshamba, akataja kibanja cha baba yake, akataja mabenchi ambayo watu wameyakalia wakati huo, na hapo mwendesha bodaboda mmoja mkubwa, jina lake Sweetbert, akaanza kufuta macho filamu ikiwa ndiyo kwanza inaanza.

Alipoanguka baharini walimwita. Waliita kama kawaida yao, kwanza kwa uhakika, wengine wakitabasamu, kisha kwa nguvu. Maji yalibaki yametulia. Waliendelea kuita na sauti zikaanza kuachana, moja inaita huku, nyingine kule, na Twaha hakusema neno kwenye kipaza sauti, aliacha waite. Likaja kaburi. Nikasikia ukumbi ule wa wanaume wenye mikono ya kubebea magunia ukivuta pumzi. Walikuwa karibu kabisa kulia, ilibaki mtu mmoja tu aanze. Yule mama wa kwenye picha alipiga magoti, akafungua mdomo, na Twaha akanisogezea kipaza sauti, kwa maana mama alikuwa wangu. Nilitazama ukuta. Nilimwona Ma Justa nyuma yake kana kwamba ule ukuta ni pazia, na kigoda chake na ungo wake. Kwenye picha mama analia kwa kujitupa juu ya udongo. Mimi nikasema, kwa sauti imara kabisa, silii, kwa sababu mwanangu hayumo humu. Kaburi hili ni la kuwadanganya maadui. Mujuni amevuka upande wa pili na atarudi.

Mtu wa mbele akalalamika kwamba huyo amekufa, wote wanaona, mbona mama yake analia hivyo. Wengine wakaanza kuzomea, wakidai tafsiri ya kweli. Ni Sweetbert aliyesimama. Alitazama ukuta kama nilivyoutazama, akawageukia wenzake, na sijui alifanya ishara gani, lakini kule kuzomea kulikatika. Alisema kwa sauti ya kutosha kuvuka tofali kwamba steringi hafi. Na wote, watu ambao macho yao yalikuwa yanaona jeneza, wakaanza kushangilia. Walipiga mabenchi, wakarusha kofia, wakaliita lile jina kwa furaha ambayo haikuwa furaha, na hakuna hata mmoja aliyelia. Twaha alizima televisheni. Hakunikaripia. Alikusanya waya zake akazikunja, na siku zote nilizofanya kazi naye baada ya hapo hakunisogezea tena kipaza sauti mwenyewe, ilibidi nikichukue.

Asubuhi Ma Justa aliniita kula. Alikuwa amekaanga senene, ameweka kahawa, na alikuwa amevaa gauni ambalo sikulizoea, jeusi, limepigwa pasi. Sikuelewa kwa nini mpaka baadaye sana. Alikuwa amelivaa tangu jana yake, mchana. Alinitazama nikila. Nikamuuliza kama alisikia filamu. Alisema alisikia yote.

"Nilikuwa nimejiandaa kusikia watu wakimlilia," akasema. "Mwanangu hajaliliwa na mtu, Adela. Nilijua hao wa bandani wangemlilia vizuri." Akanimiminia kahawa. "Na wewe ulikuwa unalia. Niliisikia sauti. Ukaikaza. Basi, tutangoja."

Ningeweza kupiga magoti pale pale nikamwambia amekufa, Ma, filamu ilisema amekufa, mwiteni Ta Felician. Nilisema asante kwa chakula. Nilipotoka nje, kijana wa bodaboda alikuwa anapita, akapunguza mwendo akamwamkia Ma Justa shikamoo kupitia mlango wazi, akamwambia ajiandae, Mujuni anarudi sehemu ya tatu. Ma Justa akaitikia marahaba, akamshukuru. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kuanzia siku ile. Mtaa mzima ulichukua kazi niliyoianzisha na kuifanya kwa moyo. Walimsalimia kwa jina la mwanawe sokoni, kanisani, kisimani. Wakitaka kumfurahisha walimwambia ameonekana. Angewezaje kurudi Nshamba kukata mgomba wakati Kashai yote imemwahidi? Alikuwa mtu wa heshima, hakutaka kuwavunja moyo. Tulimfunga na wema wetu, na wa kwanza kukaza kamba nilikuwa mimi.

Nilifaulu mtihani ule, jambo linalonishangaza mpaka leo, nikaondoka Bukoba. Banda lilikuja kuvunjwa, Twaha akahamia Mwanza, na sehemu ya tatu haikutengenezwa. Kila niliporudi nyumbani nilipita kwa Ma Justa na sukari na sabuni, naye alinipikia, na chumba cha Mujuni kilikuwa kimefagiwa, hakijapangishwa. Kila mara nilikwenda nikiwa nimeyapanga maneno yangu. Kila mara nilikula nikaaga. Mara moja, miaka mingi imepita, nilifika mpaka kusema, Ma, ile filamu. Akaniwahi kwa kuniongezea ndizi kwenye sahani, akaniuliza habari za Edgar. Nadhani alikuwa ananionea huruma.

Nilifika Nshamba mchana, siku ya kuzika. Kibanja kilikuwa kimefagiwa, nyumba imetandikwa majani, wanaume wamekaa nje. Ta Felician sasa ni mzee wa kushikwa mkono. Alinipokea kwa nyegera, karibu ya Kihaya, akanipeleka nyuma ya nyumba, na pale nikaona makaburi mawili yamechimbwa sambamba, moja pana na moja jembamba. Kando ya lile jembamba ulilazwa mgomba umevishwa lubugo. Alisema Ma Justa aliagiza hivyo mwenyewe, wazikwe pamoja, kwani akishakwenda yeye hakutakuwa na mtu wa kuvunjwa moyo. Na aliagiza nitafutwe. Katika mazishi ya aina ile mama ndiye huanza kilio cha mtoto, na mama ndiye huyu tunayemzika.

"Alisema wewe unakijua," Ta Felician akaniambia. "Alisema ulikianza, ukakikatiza."

Walimteremsha Ma Justa kwanza, kwa sala na nyimbo za kanisa. Halafu vijana wa ukoo wakauinua mgomba. Kwenye ukingo wa kibanja niliwaona wanaume waliokuja kutoka Kashai kwa gari la kukodi, wengi wana mvi, kofia mkononi. Sweetbert alikuwa mbele, amenenepa, anaegemea mkongojo. Walikuwa wananitazama kama ukumbi unavyotazama. Nilipiga magoti kwenye udongo uliotoka kuchimbwa. Nilikuwa nimeogopa kwamba sauti itagoma, kwamba baada ya miaka yote hii itatoka ile iliyo imara. Haikugoma. Nilijitupa kama yule mama wa kwenye picha alivyojitupa, nikasema mwanangu yumo humu, mwanangu hatarudi, na nikasikia nyuma yangu mwanaume mmoja amepasuka kulia, kisha wa pili, kisha wote. Nikaliita jina lake. Wale wa Kashai wakaitikia, Mujuni, Mujuni, waliita kama zamani, bila kuchoka, huku udongo unashuka, na safari hii hakuna aliyengoja ainuke.